Kabla Hamjachimba Msingi

Chemba, Dodoma
Juni 2025

Mwanangu mpendwa,

Huku kwetu wote wazima. Baba yako mgongo unamsumbua kama kawaida, lakini alizeti kavuna mwenyewe na hataki kusikia habari ya kibarua. Uwele umetuangusha kidogo, kweleakwelea walitua mapema wakala walichokula. Tumshukuru Mungu, chakula cha kutufikisha masika kipo.

Ujumbe wako nimeupata, na ile ramani ya kituo cha yatima mliyochorewa nimeitazama kwa miwani na bila miwani. Mabweni mawili, jiko, ukumbi, kisima, na bango kubwa la kuingilia. Mmefikisha shilingi milioni 40 wewe na wenzako wa chuo, na umeniomba nizungumze na baba yako kuhusu kile kiwanja cha babu, kisha nimwone mtendaji wa kijiji. Sijafanya hata moja kati ya hayo. Nimeona nikuandikie kwanza. Mtaitana kwenye simu mkaamua kwa dakika tano, na jambo hili si la dakika tano.

Nia yenu siitilii shaka. Ninachokipinga ni jengo.

Unajua mimi shangazi yako nimo kwenye kamati ya kata ya ulinzi wa wanawake na watoto, hii iliyokuja na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza mwaka wa fedha 2017/18. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye ile ya zamani ya watoto walio katika mazingira hatarishi. Kwa hiyo watoto mnaotaka kuwajengea nawafahamu kwa sura, na nyumba zao nazifahamu kwa njia za nyuma. Karibu kila mtoto ninayemjua hapa anayeitwa yatima ana mtu. Ana bibi, ana mama mdogo, ana kaka aliyemaliza darasa la saba akaenda kuchoma mkaa. Wengi wana mama kabisa, yupo hai, ila yupo Dodoma mjini au huko kwenu Dar anafanya kazi za ndani na anatuma hela akipata. Save the Children waliliandika hili mwaka 2009 kwa dunia nzima: si chini ya watoto wanne kati ya watano wanaoishi kwenye vituo wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Kinachompeleka mtoto kituoni ni umaskini, mara nyingi zaidi kuliko kifo.

Nikupe mfano, jina nalihifadhi. Kuna bibi upande wa Goima analea wajukuu watatu. Mama yao alifariki wakati wa kujifungua, baba kaenda migodini, simu haipatikani. Nilipofika kwake mara ya kwanza nilikuta mkubwa hayupo shuleni. Sababu? Punda alikufa. Punda ndiye aliyekuwa akileta maji. Alipokufa, mjukuu akashika madumu. Kisima ni mbali, akienda alfajiri anarudi wenzake wako kipindi cha tatu, kwa hiyo akaacha kwenda. Wa pili alikuwa anakwenda shule siku moja moja kwa sababu sare ilikuwa moja na anaivaa kwa zamu na dada yake. Ndani kulikuwa na mkeka, debe la mtama limejaa nusu, mlenda umeanikwa juu ya ungo, na daftari limefunikwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, mwandiko mzuri ajabu. Sasa niambie, watoto hawa wanahitaji bweni? Wanahitaji punda. Mkija na kituo chenu, huyo bibi atakuwa wa kwanza kuwaleta wajukuu wake watatu getini, na si kwamba hawapendi. Atawaleta kwa sababu mmejenga mahali penye chakula na sare, na kwake mmepaacha kama palivyokuwa. Kisha mtasema kituo kimejaa, uhitaji ni mkubwa, tuongeze bweni la tatu.

Najua utanitajia Kijiji cha Matumaini cha Dodoma, maana mlikwenda pale na kikundi chenu cha shule mkarudi mnalia. Pale nami napaheshimu sana. Lakini kumbuka kilianza lini na kwa ajili ya nani. Ni mwaka 2002, wamisionari wa Damu Azizi na masista Waabuduo Damu ya Kristo walipoanza kuwakusanya yatima wenye virusi vya UKIMWI. Wakati huo mpango wa serikali wa kutoa dawa za kufubaza virusi ulikuwa haujaanza. Ulianza mwaka 2004. Kulikuwa na ndugu walioogopa hata kula sahani moja na mtoto mwenye virusi. Mtoto mgonjwa, hana dawa, amekimbiwa: hapo nyumba ya watu wengine ilikuwa uhai wake. Na hata hivyo hawakuwalaza kwenye mabweni. Waliwaweka katika nyumba ndogo ndogo, kila nyumba ina mama na baba wa kuwalea, na zahanati jirani. Ukiwaiga, iga hilo la kugundua mtoto amekosa nini hasa. Usiige kuta.

Na mtoto asiye na mtu kabisa, aliyeokotwa stendi, aliyetupwa, ambaye jina lake halijui? Yupo, na serikali ina Makao ya Taifa ya Watoto pale Kikombo, hapo hapo Dodoma. Wachache hao wana pa kwenda. Chemba haihitaji Kikombo ya pili.

Kuna habari ya mbali kidogo, nivumilie. Utawala wa kikomunisti wa Romania ulipoanguka mwaka 1989, dunia ilikuta watoto maelfu kwa maelfu kwenye majumba ya serikali. Wanalishwa, wanaogeshwa, hawakumbatiwi na mtu. Mwaka 2000 watafiti wakaanza kuwafuatilia watoto wachanga 136 wa majumba ya Bucharest. Nusu wakapelekwa kwa walezi majumbani, nusu wakabaki. Waliopata mlezi akili zao zilikua vizuri zaidi, na waliopelekwa mapema walinufaika zaidi ya waliochelewa. Huhitaji utafiti kumwambia mwanamke wa Kirangi kwamba mtoto mchanga anataka kifua cha mtu mmoja anayemjua, lakini nyinyi wasomi mnapenda utafiti, basi huo hapo. Jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2012 kufunga vituo vyao kimoja kimoja na kuwarudisha watoto kwenye familia, na walezi wanaowapokea wasio na ndugu wanawaita Malayika Mulinzi. Kenya nao wana mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuelekea huko huko. Sisi ndio tujenge?

Lakini mimi hoja yangu kubwa si ya Bucharest. Ni ya hapa. Mtoto wa kituo akifika miaka 18 anatoka, na anatoka kwenda wapi? Lugha ya bibi yake, iwe Kirangi, Kiburunge au Kisandawe, hakuisikia. Shamba la baba yake wajomba wameshaligawana, kwa kuwa hakuwepo kulilinda wala kulipalilia, na hakuna mzee atakayesimama barazani kusema mpaka wake ulikuwa pale kwenye mbuyu. Akiwa kijana anataka kuoa, atatuma wazee gani wakapose? Akiwa binti, siku ya nikaha walii atatoka wapi, shehe aulize ukoo nani ajibu? Nimemwona kijana wa namna hiyo akirudi hapa na begi na cheti cha kidato cha nne. Alikuwa na adabu, Kiswahili chake safi kuliko cha mwalimu. Alikaa wiki akiamkia watu ambao kwake wote walikuwa sawa, hajui shangazi ni yupi na jirani ni yupi. Akaondoka. Walimlisha vizuri miaka yote ile, hilo sibishi.

Sasa nisikudanganye upande wa pili. Ndugu si malaika. Nimeona baba mdogo aliyemchukua mtoto wa marehemu kaka yake pamoja na ng'ombe. Ng'ombe wakaisha, mtoto akabaki kuchunga wa mwingine. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi sioni ubaya mtoto kupewa jembe. Ndivyo anavyojua kwamba yeye ni wa nyumba hiyo. Ubaya ni pale watoto wa mwenye nyumba wanapokwenda shule na jembe linabaki na yeye peke yake. Na kwa wasichana kuna jambo la kisu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa mkoa wetu wamekeketwa, mkoa wa pili nchini baada ya Manyara. Sheria imekataza kumkeketa mtoto tangu 1998. Msichana anayekimbia hilo anawakimbia watu wa damu yake, na usiku ule huwezi kumwambia rudi nyumbani tutazungumza.

Hapo ndipo nilipotaka ufike. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina mtu anayeitwa mlezi wa kuaminika. Ni mtu mzima mwenye tabia njema na akili timamu, asiye ndugu wa mtoto, aliyethibitishwa na afisa ustawi wa jamii kwamba nyumba yake inafaa kumpokea mtoto. Kuna pia malezi ya kambo, pale mtoto anapokabidhiwa kwa familia kwa muda mrefu zaidi, na yule mlezi anabeba wajibu wa kumtunza kama mzazi. Hayo si sawa na kuasili mtoto, ambako hupitia Mahakama Kuu na kubadilisha uzazi wenyewe kisheria. Waislamu wengi huku hushtuka wakisikia kuasili, wanafikiri jina la baba litafutwa. Malezi ya kambo hayagusi jina la mtoto, nalieleza hilo kila mkutano mpaka nimechoka. Zanzibar wao wameiingiza kafala, malezi ya Kiislamu yasiyofuta nasaba ya mtoto, kabisa ndani ya Sheria yao ya Mtoto ya 2011.

Mmoja wa walezi hao unamfahamu, yule mama muuza maandazi wa barabarani, usimtaje popote. Usiku mmoja alipelekewa msichana wa darasa la sita, afisa ustawi na askari wa dawati la jinsia na watoto wakiwa naye. Mimi niliitwa niende kama mjumbe. Yule mama hakumwuliza mtoto chochote. Alikoroga uji wa uwele, akaweka sukari nyingi kuliko tunavyoweka sisi, akampa kanga na kumwonyesha choo kilipo na tochi inapowekwa. Mtoto alilala amekaa, viatu mguuni, mgongo umeegemea mlango. Saa kumi alfajiri mama akaanza kukanda unga, na mtoto akaamka mwenyewe, akanawa, akashika kuviringisha madonge. Mama akamwambia, haya yako makubwa mno, utanitia hasara. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia mtoto yule akicheka. Alikaa pale mpaka kesi ilipopata mwelekeo na shangazi yake wa Kondoa akapatikana, akachunguzwa, akamchukua.

Unajua yule mama alilipwa nini? Hakulipwa. Unga ulikuwa wake, sukari yake, sabuni yake. Majirani nao hawakuacha kuuliza huyu ni wa nani, ameokotwa wapi. Na afisa ustawi alifika mara ya pili kumkagua mtoto kwa bodaboda aliyoilipia mfukoni, maana wilaya yetu ni ya kutoka Mrijo hadi Kwa Mtoro na gari ni la kugombea. Wahudumu wa kujitolea waliokuwa wakizunguka kaya kwa kaya sehemu nyingi za nchi walikuwa wakipata posho kutoka miradi ya fedha za Marekani, na tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, unajua mwenyewe hali ilivyo. Mkono mtupu haulambwi. Mtu anaweza kujitolea moyo, lakini mafuta ya pikipiki hayajitolei.

Milioni zenu zinahitajika hapo. Natamani mngekuwa mmekaa nami tukaziandika kwenye daftari, lakini ngoja nijaribu.

Kwanza, familia isivunjike. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, walipojaribu ruzuku ya fedha taslimu kwa kaya maskini, mojawapo ya wilaya tatu za majaribio ilikuwa Chamwino, jirani zetu, pamoja na Bagamoyo na Kibaha. Tathmini yake ilipotoka, watu wengi walitarajia kusikia pombe. Walichokuta ni kwamba zile kaya zilijiunga zaidi na bima ya afya, zilinunua mifugo midogo, na watoto wao walikuwa na viatu. Viatu! Mwalimu yeyote wa huku atakwambia nani anafika shule msimu wa mbigili. Sasa TASAF haimfikii kila mtu, orodha ina watu walioachwa na mtoto anaweza kufiwa wiki moja baada ya orodha kufungwa. Ziba hayo mapengo. Elimu ni bila ada tangu 2016, kweli, lakini sare si bure, daftari si bure, na mchango wa chakula cha shule upo. Bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa, ambayo ilianzia mkoani kwetu, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Gawanya gharama ya lile bango lenu tu kwa hiyo, uone ni kaya ngapi.

Pili, walezi wa kuaminika wapewe kitu. Si mshahara, maana ukilipa mshahara utapata watu wanaotafuta mshahara. Godoro, neti, gunia la mahindi wakati wa njaa kati ya Januari na Machi, na mtu wa kumpigia simu mtoto akiumwa usiku.

Tatu, na hili ndilo watu hawapendi kulichangia kwa sababu halipigiki picha: kumfuatilia mtoto. Mtoto aliyerudishwa kwa ndugu aendewe baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu, na mwakani. Azungumze na mtu bila baba mdogo kusimama mlangoni. Lipieni mafuta na matengenezo ya pikipiki, lipieni posho ya wahudumu wa jamii wawili watatu wanaojua Kirangi na Kisandawe. Kama mngeniuliza mimi, nusu ya fedha yote ingekwenda huko, na ningelala usingizi.

Kuhusu namna ya kufanya. Msifungue shirika kubwa lenye ofisi. Kikundi cha kijamii kinasajiliwa halmashauri, na fedha zipitie mahali panapokaguliwa. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya ndiye wa kuanza naye. Hakuna mtoto anayehamishwa toka nyumba moja kwenda nyingine bila yeye, hata kama mwenyekiti wa kitongoji ni rafiki yenu. Msichapishe picha za watoto. Ile uliyoiweka kwenye kundi lenu, ya yule mtoto mwenye fulana iliyochanika, iondoe leo. Yule ana mama, na mama ana simu. Na kama wenzako wataona yote haya hayana mvuto na wanataka lazima pawe na jengo, waambie makao ya watoto yanahitaji leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na yanayofunguliwa bila leseni hufungwa, watoto wakatawanywa mara ya pili. Arusha na Moshi wameona ya kutosha, vituo vinavyoishi kwa wageni wa kupiga picha na kuacha dola. Hiyo biashara sitaki iingie Chemba na jina la ukoo wetu juu yake.

Usikasirike na shangazi yako. Nimekuandikia kwa ukali kidogo kwa sababu wewe ndiye unayesikilizwa na wenzako, na kwa sababu milioni 40 kwa huku ni fedha ya kubadilisha maisha ya nyumba nyingi, au ya kujenga mabweni mawili yatakayokosa mpishi mwaka wa tatu.

Nakuomba mambo mawili. Isomeni barua hii pamoja, usiwasimulie. Kisha njoo, wewe na angalau mmoja wao, kabla shule hazijafunguliwa Julai. Nitamwomba afisa ustawi atupe siku moja, twende naye Goima na Farkwa, mkae kwenye mikeka ya watu, muulize mnachotaka kuuliza. Mpaka siku hiyo, shilingi isitoke benki. Nijibu kwa simu ya baba yako, yangu inazima zima.

Wasalimie wote.

Ni mimi shangazi yako